Chambo changu cha juu ya maji kinalala upande nikivuta kwa spidi, naombeni ushauri

MpigaFimbo_Dom
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa mnaovua kwa fimbo na rili (kile cha kuzungusha kukunja mshipi), hasa mnaotumia chambo bandia cha kuelea, kile cha kuvutwa juu juu ya maji. Nipo Dodoma mjini, nikipata wikiendi nashuka bwawa la Mtera. Nimechonga chambo changu mwenyewe cha mbao, urefu senti 12, katikati nimepitisha spoku ya baiskeli kuanzia puani mpaka mkiani, mwisho wa spoku nimeweka propela niliyokata kwenye kopo la maziwa, na ndoano mbili za mikono mitatu, moja tumboni moja nyuma.

Nikikivuta taratibu kinakuja kimenyooka na propela inakoroga maji vizuri mno. Shida ni spidi. Nikiharakisha tu kinaanza kuvuta kushoto, afu kinalala ubavu, afu kinageuka tumbo juu na mshipi unajisokota. Na mimi spidi naihitaji kwa sababu nawinda yule samaki wa meno, taiga, ambaye kitu kikizubaa anakifuata anakiangalia anakiacha. Juzi Jumamosi nimeona maji yamevimba nyuma ya chambo kabisa, nikaongeza spidi ili apige, chambo kikakata kushoto moja kwa moja kwenye kisiki. Wanaoijua Mtera wanaijua ile miti iliyokufa inayosimama ndani ya maji, na sasa maji yameshuka imezidi kuonekana. Samaki kaondoka, na chambo nilikipata kwa hisani ya kijana mmoja wa mtumbwi. Nimekisugua msasa siku nne kile, roho iliniuma. Nirekebishe wapi?

KijanaWaHombolo
Mkuu hiyo ndogo sana. Ni kitanzi cha puani hicho, pale unapofunga mshipi. Shika chambo pua ikuangalie wewe, chukua plaizi, kama kinakimbilia kushoto kwako kipinde kitanzi kidogo kwenda kulia kwako. Kidogo kweli, unene wa kucha, afu unajaribu tena. Mimi vyangu vyote nafanya hivyo na vinanyooka.

FundiMsasa
@KijanaWaHombolo hiyo ni sahihi kwa chambo chenye mdomo wa plastiki mbele, ule unaosukuma maji, pale kitanzi ukikigusa kidogo tu mwelekeo wote unabadilika. Hiki cha mwenzetu hakina mdomo, kina propela mkiani. Akipinda kitanzi anaweza kukinyoosha kwa spidi moja, akiongeza kinarudi palepale, kwa sababu chanzo hakijaondoka.

MpigaFimbo naomba unijibu vitu vitatu. Kikiwa kimetulia majini kinaelea mgongo juu sawasawa au kimeinama upande? Propela ukiipuliza kwa mdomo inazunguka yenyewe au inakwama? Na mbele ya chambo umefunga nini, waya wa aina gani?

MpigaFimbo_Dom
Kuinama sijawahi kuangalia aisee, nikifika ziwani narusha tu. Propela inazunguka ila nzito kidogo. Mbele nimefunga kipande cha waya mgumu kama senti 30 kwa ajili ya meno, afu nimekaza fundo moja kwa moja kwenye kitanzi.

FundiMsasa
Sawa. Sasa sikia, propela inayovutwa majini inazungushwa na maji, haina injini. Pale inapokaa kwenye spoku pana msuguano, na ule msuguano unaburuta mwili wa chambo uzunguke upande uleule inaozunguka propela. Taratibu huoni, kwa sababu uzito wa tumboni unashinda. Ukiongeza spidi bati linasukumwa kwa nguvu zaidi, linazidi kuung'ang'ania mwili, uzito wa chini unazidiwa, ndo kinalala. Kwa hiyo kazi ni mbili, upunguze msuguano na uongeze uzito wa chini. Kitanzi ni cha mwisho kabisa kuguswa.

Msuguano: toboa tundu la propela liwe na nafasi kidogo kuliko spoku, kingo zake zisugue ziwe laini, afu kati ya propela na mbao weka ushanga mdogo wa plastiki, zile za kina dada za kiunoni zinafaa kabisa. Bila ushanga bati linasaga kwenye mbao, mbao inavimba maji, msuguano unaongezeka. Nimekaa na tatizo hilo mwaka mzima bila kujua.

Uzito: usitoboe tumbo kwanza. Nenda kwa mafundi redio uombe ule waya laini wa kulehemu, uviringishe kwenye shina la ndoano ya tumboni, mizunguko mitano au sita, ujaribu. Ukiona sawa ndo uhamishie ndani ya mbao. Usizidishe, nyuma ikizama sana propela haikati tena uso wa maji, na kelele ndo inayomwita samaki.

MamaKayumba_Nzuguni
Wanangu mie navua Hombolo, perege na kambale, si hao wa meno, ila kwa huo waya mgumu naomba niseme. Chambo chochote ukikikaba shingo hakichezi. Funga fundo la kuacha duara ili pua iwe huru, au tumia kipini kidogo cha kufunga na kufungua. Waya uwe mwembamba na mfupi, kiasi cha kuvuka meno tu. Mzito unaivuta pua chini, na ukishajipinda mara moja nao unapeleka chambo upande wake. Marehemu mzee wangu alikuwa anatupa waya ukipata kona, hata uwe wa leo asubuhi.

KijanaWaHombolo
Shikamoo mama. Hapo kwenye waya kujipinda umenigusa, wangu una kona mbili.

MamaKayumba_Nzuguni
Marahaba baba. Utupe.

Mtu_wa_Manyoni
Mi ushauri wangu mkuu ni nyavu tu, hizo propela ni kujitesa.

MpigaFimbo_Dom
@Mtu_wa_Manyoni nimekuelewa, ila leseni yangu ni ya fimbo na ndicho ninachokipenda.

Wakuu nimerudi na majibu. Jana usiku nimejaza maji karai kubwa la kufulia, nikawasha tochi ya simu, nikakiweka chambo. Dah. Kimeinama kushoto kabisa, mstari niliochora mgongoni haupo katikati, bega la kushoto linagusa maji la kulia liko juu. Nimekigeuza kuangalia chini, kumbe pale spoku inapotokea mkiani haipo katikati ya mbao, imetoka kushoto kama milimita 2. Kuchimba kwa msumari wa moto ndo kumeniponza. Na ndoano ya tumboni nayo pete yake imeegemea kushoto. Yaani vyote vinavuta upande mmoja, afu na propela inazunguka kuelekea hukohuko.

FundiMsasa
Umeona sasa. Spoku haitoki hiyo, ukiichomoa utapasua mbao. Sugua upande wa kulia wa mkia, ule wenye mbao nyingi, taratibu mpaka spoku iwe katikati ya mbao iliyobaki, afu upige vanishi upya maji yasiingie. Kitanzi cha ndoano ya tumboni kinyooshe kwa plaizi. Halafu propela unaweza kuipinda izunguke kinyume, yaani bawa lililoinamia huku uliinamishe kule. Ukivuta tena angalia, kama sasa kinataka kwenda kulia basi ujue msuguano bado upo. Kikibaki kushoto, mbao ndo haijakaa sawa. Hicho ni kipimo kizuri kuliko kubahatisha.

Ruaha_Mkuu
Niongeze moja. Mnapojaribu msivute spidi ya mwisho mara ya kwanza. Tupa mita 15 tu, maji yaliyotulia, vuta polepole, rudi, ongeza kidogo, rudi, ongeza. Andika ni spidi gani kinaanza kuyumba. Mi nahesabu mizunguko ya mkono wa rili kwa sekunde 5. Na ncha ya fimbo, ukivuta haraka inyanyue juu, ukiishusha chambo kinachimba pua. Mjaribu asubuhi kabla upepo wa Dodoma haujaamka maana kwenye mawimbi chambo kizuri nacho kinapinduka, utakilaumu bure.

MpigaFimbo_Dom
Nimefanya yote. Alhamisi alfajiri nimeenda kujaribu Hombolo, lile bwawa la 1957, maji yametulia kama kioo. Kabla ya matengenezo kilikuwa kinalala nikifika mizunguko 6 kwa sekunde 5. Nilipoweka ushanga na kunyoosha mkia kikafika 9. Propela nilipoigeuza hakikwenda kulia, kikabaki na kamvuto kadogo ka kushoto, kwa hiyo kumbe mbao ilikuwa haijaisha, nikasugua tena palepale ufukweni. Waya wa kulehemu mizunguko 4 tumboni, kikafika 12 kimenyooka, nyuma kinaacha mstari mweupe wa mapovu kama umepigwa rula. Kitanzi cha puani sijakigusa mpaka leo.

KijanaWaHombolo
Safi sana mkuu. Fundi nimejifunza, mi nilikuwa najua kitanzi tu.

MpigaFimbo_Dom
Mrejesho wa Mtera, Jumapili. Nimetupa kati ya visiki viwili nafasi kama mita 3, nikavuta kwa nguvu, chambo kikapita katikati bila kugusa popote. Tupo la nne maji yakapasuka, nikampata taiga wa kama kilo 2, mkono ulikuwa unatetemeka. Ila nilipotupa tena kikaanza kulala upande upya, nikashtuka, nikakivuta kukiangalia, bawa moja la propela limekunjwa na meno mpaka limegusa ndoano. Nimelinyoosha kwa plaizi nikaendelea. Hivi kuna bati gumu zaidi ya la kopo la maziwa?

FundiMsasa
Hongera sana kaka! Tafuta sufuria la alumini lililotoboka, kwa mafundi wa kuziba masufuria hazikosi. Kata, sugua kingo, na tundu usisahau kulilegeza. Na mkiwa mnaingiza miguu majini pale muangalie mamba jamani.