Mrejesho: nimeshajua nani anataga na nani anakula bure

Ahsanteni nyote. Kwa asiyekumbuka: nina matetea sita uani, hapa Kisauni, na nilikuwa naokota mayai mawili kwa siku. Nikauliza nitamjuaje anayetaga.

Nilianza na vidole. Usiku kuku wametulia, mume wangu kashika tochi ya simu (huku analalamika), nikapima nafasi kati ya ile mifupa miwili ya nyonga chini ya mkia. Wanne viliingia vidole viwili, vitatu, na tundu lao la kutolea mayai pana, lina unyevu. Kishingo (yule asiye na manyoya shingoni) na yule kuchi (wa ile mbegu ya kuku warefu), kidole kimoja tu, tena kwa kubana. Tundu kavu, dogo kama kifungo cha shati.

Sasa wanne wanaotaga, mayai mawili? Hapo ndipo ile rangi ya biriani mliyonishauri ikanisaidia. Nilimpaka kidogo tunduni yule mweupe, ili yai lake likitoka liwe na alama. Siku tatu, hakuna yai lenye mstari mwekundu. Ya nne nikamfuata nyuma ya magunia ya makaa: mayai tisa, mawili yana mistari! Nikayatia majini, matatu yakaelea, yaani yamekaa sana, nikatupa. Na si yeye peke yake, maana mengine yalikuwa ya kahawia.

Kuchi ananyonyoka manyoya, basi namsubiri yaote. Kishingo ni mzee, kilemba kimepauka. Mama mkwe ameshauliza mara mbili Ijumaa tunapika nini.