Kaka aligongwa na trela Mariakani: kesi ya fidia ya kifo huchukua muda gani Kenya?

Mwana wa Taru

Wadau, nawasalimu nyote. Kaka yangu mkubwa aligongwa na trela karibu na Mariakani, kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, akafariki kabla ya kufikishwa hospitalini. Alikuwa na umri wa miaka 41. Amemwacha mke, watoto watatu wanaosoma, na mama yetu mzee ambaye alikuwa akimtumia pesa za matumizi kila mwezi. Dereva ameshtakiwa katika mahakama ya trafiki, lakini kila kesi inapotajwa huahirishwa, mara shahidi hayupo, mara faili la polisi halijafika.

Wakili mmoja tuliyemwendea ametuambia kwamba mwaka mmoja unatosha kuimaliza kesi ya fidia. Jirani yetu aliyefiwa na mumewe katika ajali ya matatu anasema yake imevuka miaka sita na bado hajalipwa yote. Isitoshe, hata matanga hayajaondolewa, alifika mtu aliyejitambulisha kuwa ametumwa na kampuni ya bima, akiwa na fomu iliyokwisha kujazwa kila kitu isipokuwa sahihi ya shemeji yangu. Shemeji hakutia sahihi.

Naomba kuelezwa na wenye ujuzi: kwa kweli kesi kama hii huchukua muda gani, je, ni lazima tungoje ile ya trafiki iishe kwanza, na je, mimi kama mdogo wa marehemu ninaweza kuifungua?

Karani Mstaafu

Makiwa, ndugu yangu. Nilifanya kazi katika masjala ya mahakama kwa muda mrefu, kwa hiyo nitakueleza nilivyoona mafaili yakitembea, na pia yakikaa.

Mwaka mmoja unawezekana endapo bima haibishani kuhusu nani mwenye kosa, na pande mbili zikakubaliana mapema. Kesi inayobishaniwa, kwa jinsi nilivyoziona, huchukua kati ya miaka miwili na minne hadi hukumu, na rufaa huongeza mingine juu yake. Kwa hiyo wakili wako na jirani yako wote wamesema kweli, ila kila mmoja amezungumzia kesi ya aina yake.

Usikilizaji wenyewe, yaani mjane kutoa ushahidi, polisi kuleta kitabu cha matukio na kueleza abstrakti (hati yao yenye muhtasari wa ajali), na upande wa pili kujitetea, mara nyingi ni kazi ya siku mbili au tatu tu. Miaka huliwa na nafasi zilizo katikati. Shahidi wa polisi amehamishwa kituo na hakuna aliyempelekea wito, wakili wa bima ameomba muda wa kupata maelekezo kutoka kwa mteja wake, hakimu amepata uhamisho kesi ikiwa nusu. Hukumu nayo, ikiwa haikutolewa papo hapo, kanuni zinataka itolewe ndani ya siku 60, lakini nimeona tarehe ya hukumu ikisogezwa zaidi ya mara moja.

Jambo moja ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba kesi ikikaa mwaka mzima bila hatua yoyote kuchukuliwa, mahakama inaweza kuifutilia mbali. Niliona mafaili mengi ya wajane yakifa hivyo, nao wako nyumbani wanaamini kwamba kesi inaendelea. Mwombe wakili nambari ya kesi, kisha wewe mwenyewe uwe ukiulizia masjala au ukiifuatilia kwenye mfumo wa mtandao wa mahakama.

Wakili wa Bandarini

Poleni sana. Nitajibu maswali mawili ya mwisho, kisha nirudi kwenye muda.

Hamlazimiki kuingoja kesi ya trafiki. Kesi ya jinai na ya madai huenda sambamba. Dereva akipatikana na hatia na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo huwasaidia sana, kwa sababu Sheria ya Ushahidi inaitambua kuwa uthibitisho wa kosa lake, ingawa bima bado inaweza kudai kwamba marehemu naye alichangia ajali. Akiachiliwa huru, bado mnaweza kushinda kesi ya madai, maana kiwango cha ushahidi kinachohitajika huko ni cha chini zaidi.

Kuhusu nafasi yako, wategemezi wanaotambuliwa na Sheria ya Ajali za Vifo ni mke au mume, wazazi na watoto. Ndugu hayumo. Hata kama kaka ndiye aliyekuwa akikulipia karo, huwezi kudai utegemezi kwa jina lako. Unachoweza ni kuwa msimamizi pamoja na shemeji, mkipata idhini ya muda ya kusimamia mirathi kwa ajili ya kufungua kesi, ambayo wengi huiita ad litem. Usiichanganye na idhini kamili ya urithi, ambayo ni lazima itangazwe katika Gazeti Rasmi na kusubiriwa miezi. Hii ya muda, mkiwa na cheti cha kifo na barua ya chifu, inaweza kutoka ndani ya wiki chache. Msifungue kesi kabla ya kuipata, kwa sababu dai la mirathi ya marehemu chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Law Reform Act) linaweza kuanguka kwa sababu hiyo pekee.

Sasa muda. Hamna uwezo juu ya mwisho wa kesi, lakini mwanzo wake uko mikononi mwenu, na sheria imeuwekea mpaka. Dai hili lina miaka 3 tu. Gari lingekuwa la serikali mngekuwa na miezi 12. Ukipita muda huo, sababu zinazokubalika za kuongezewa ni finyu mno, na kutojua sheria si mojawapo. Vilevile, bima ya gari inapaswa kupewa notisi kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Wakili akiisahau notisi hiyo, mtashinda kesi na bima itakataa kulipa, nanyi mtabaki mkimkimbiza mwenye trela.

Bi. Mwanaidi wa Kisauni

Makiwa, mwanangu, na umfikishie shemeji salamu zangu. Mimi nimeipita njia hiyo. Hukumu yangu ilitoka, tukafurahi, nikawaambia hata wanangu kwamba sasa karo imepatikana. Bima ikakata rufaa kabla ya siku 30 kwisha, ikaomba malipo yasimamishwe. Mahakama Kuu iliamuru nilipwe nusu, na nusu nyingine iwekwe katika akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande zote mbili. Pesa ile ilikaa benki huku mwanangu wa kwanza akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Rufaa ilipoamuliwa, kiasi kikapunguzwa kidogo, ndipo nikalipwa kilichobaki.

Kwa hiyo wakikuambia "kesi imekwisha", uliza ni ipi iliyokwisha. Na umwambie shemeji asikope kwa kutegemea hukumu. Mimi nilikopa kwenye chama, na riba yake nusura inizidi.

Msema Kweli

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naona mnamtisha mwenzetu kuhusu kupatana nje ya mahakama. Mjane mwenye watoto watatu hawezi kula hukumu ya mwaka wa tano. Ikiwa bima inatoa kiasi cha haki leo, kwa nini asichukue?

Wakili wa Bandarini

Msema Kweli, hakuna aliyekataa mapatano. Kesi nyingi za ajali humalizwa hivyo, na hata mahakama yenyewe inaweza kuipeleka kesi kwenye usuluhishi. Ninachokikataa ni fomu ya matangani. Fomu ile kwa kawaida ina maneno kwamba malipo hayo ni ya mwisho na familia haitadai tena, na huletwa kabla familia haijajua dai lake lina thamani gani.

Tuchukue mfano. Tuseme marehemu wa miaka 41 alikuwa akipata shilingi 40,000 kwa mwezi baada ya makato. Mahakama huzidisha kiasi hicho kwa miezi 12, kisha kwa idadi ya miaka ambayo hakimu anaona angeendelea kufanya kazi baada ya kupima misukosuko ya maisha, tuseme 15, kisha huchukua theluthi mbili kuwa ndiyo iliyokuwa ikienda kwa familia. Inakuwa shilingi 4,800,000, kabla ya gharama za mazishi na fidia nyingine ndogo. Hesabu hiyo bado iko ndani ya uwezo wa hakimu mkuu, ambaye anaweza kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, kwa hiyo hamhitaji kwenda Mahakama Kuu kuifungua. Hata hivyo, kwa ajali za magari bima huwajibika kwa kila mtu hadi shilingi milioni 3 pekee. Kinachozidi hapo hudaiwa kwa mwenye gari, na kukipata huweza kuchukua miaka mingine.

Ndiyo maana mimi, bima ikija na kiasi kilicho karibu na milioni 3 mapema, humshauri mteja akifikirie kwa uzito. Ikija na laki mbili, humshauri afungue kesi. Mazungumzo huwa mazuri zaidi kesi ikiwa tayari imefunguliwa na tarehe ya kusikilizwa inakaribia.

Mwana wa Taru

Nawashukuru nyote, hasa Bi. Mwanaidi. Linalonitatiza sasa ni kwamba kaka alikuwa fundi wa magari wa kujitegemea. Hakuwa na hati ya mshahara wala vitabu vya hesabu. Je, hilo litachelewesha kesi?

Wakili wa Bandarini

Halitaichelewesha mkijiandaa sasa. Mahakama ya Rufaa imekwisha kusema kwamba hati si njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato cha mtu. Ombeni taarifa ya M-Pesa ya mama na ya shemeji, ambayo itaonyesha alichokuwa akituma kila mwezi, kisha watafuteni wateja wake wawili au watatu walio tayari kufika mahakamani. Msipokuwa na chochote, hakimu anaweza kutumia kima cha chini cha mshahara wa serikali au kutoa kiasi cha jumla, na kwa kawaida hapo ndipo familia inapopunjwa.

Karani Mstaafu

Niongeze moja, kwa kuwa umesema ni trela. Gari la aina hiyo lina namba mbili za usajili, ya kichwa na ya tela linalokokotwa, na si ajabu kila kimoja kikawa na mwenyewe wake. Tazama abstrakti uone kama polisi wameandika zote mbili na jina la kampuni ya bima. Kama wameandika moja, rudi kituoni wairekebishe wakati afisa aliyepima ajali bado yupo hapo, halafu omba NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, rekodi ya umiliki ya kila namba kama ilivyokuwa siku ya ajali. Nimeona kesi ikirudishwa nyuma karibu mwaka mzima kwa sababu aliyeshtakiwa alithibitisha kwamba tela lile halikuwa lake.