Dar hadi Mtwara kwa barabara na wazee na watoto: tupangeje siku sita?

Mwana_Mbagala:
Wakuu, habari za leo. Mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, tunataka kushuka kusini kifamilia: Dar, Kilwa, Lindi, mpaka Mtwara, kisha kurudi. Tuko tisa: baba (miaka 74, ana sukari na anatumia sindano za insulini), mama, shangazi, mimi na mke wangu, mdogo wangu, na watoto wa miaka 4, 8 na 11. Gari lililopo ni Noah, tunafikiria kubanana tu, mtoto mdogo apakatwe na mizigo ifungwe juu ya keria. Tumepanga kulala Kilwa usiku mmoja, Lindi mmoja, Mtwara mitatu. Je, mgawanyo huo unafaa? Noah itahimili? Na Kilwa Kisiwani tunaweza kwenda na wazee?

Spana_Kumi_na_Saba:
Mkuu, nianze na gari maana hapo ndipo safari yako itakapoharibikia. Noah ina viti vinane pamoja na cha dereva. Nyie ni tisa, na mtoto wa kupakatwa anahesabika. Akishikiliwa mapajani, breki moja ya ghafla inatosha kumrusha mbele, hakuna mikono inayoweza kumzuia. Tena safu zote tatu zikijaa, nyuma hakuna nafasi ya mizigo, ndiyo maana unawaza keria. Mzigo wa juu unalifanya gari liyumbe kwenye kona na upepo wa ubavuni, huku springi za nyuma zimelala na tairi za nyuma zinachemka. Tairi iliyobebeshwa kupita kiasi, kwenye lami ya moto, kwa saa sita, ndiyo inayopasuka.

Kodini Hiace yenye kiyoyozi cha nyuma, mng'oe au mkunje safu ya mwisho, mizigo yote ikae hapo. Hata Noah mbili ni afadhali kuliko moja iliyojaa: mtalipa mafuta zaidi, lakini moja ikiharibika kuna ya kumfikisha mzee hospitali.

Kabla ya kukabidhiwa gari la kukodi, soma ubavuni mwa tairi tarakimu nne za tarehe. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyopita miaka sita ikatae hata kama kashata zake (mikato ya juu ya tairi) zinaonekana nzuri, mpira huzeeka wenyewe. Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Angalia tairi la akiba lina upepo, na jeki na spana ya magurudumu vipo na vinatoshea nati za gari hilo. Fungua rejeta injini ikiwa imepoa: ukikuta maji ya rangi ya kutu badala ya kulenti (maji maalum ya kupoza injini), mwambie mwenye gari asafishe na kujaza upya. Pembetatu mbili na kizima moto viwepo, askari wataviuliza.

Mafuta: Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Ukijumlisha kuingia Kilwa Masoko na mizunguko ya huko, kwenda na kurudi weka 1,350. Kwa kilomita 9 kwa lita, gari limejaa na kiyoyozi kinawaka, ni lita 150. Bei kikomo za EWURA (mamlaka inayodhibiti bei za mafuta) hubadilika Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi pigeni hesabu ya michango baada ya siku hiyo. Jazeni Kibiti au Ikwiriri, kisha Nangurukuru. Kati ya Nangurukuru na Lindi msitegemee kupata mafuta.

BintiKivinje:
Namuunga mkono Spana kuhusu gari. Mimi nizungumzie ratiba, maana usiku mmoja Kilwa na mitatu Mtwara ni kinyume. Kilwa ndiko kwenye mengi na ndiko bahari inakopanga saa zenu. Laleni Kilwa mbili, Lindi moja, Mtwara au Mikindani mbili.

Ondokeni Dar saa kumi na moja alfajiri, mvuke Mbagala na Kongowe kabla foleni haijaamka. Chai Kibiti. Baada ya Ikwiriri mnapita Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lililofunguliwa 2003. Waelezeni watoto kwamba kabla yake watu walisubiri kivuko, na mvua zikizidi kusini kote kulikatika. Somanga simameni mle samaki. Nangurukuru mnakunja kushoto, mnapita njia ya Kivinje, na saa saba mchana mko Masoko. Usipigie hesabu ya mwendo wa 100. Vijiji ni vingi, kila kimoja kina kibao cha 50, na askari wenye tochi za kupima mwendo wapo. Faini ni 30,000 kwa kosa, ila sababu ya kutii ni watoto wanaovuka kwenda kisimani.

Msitembee usiku. Kibiti na Rufiji kuna ng'ombe barabarani, na malori ya saruji kutoka Mtwara yakiharibika huachwa kwenye lami na matawi tu nyuma yake. Pia, siku mbili kabla, pigeni simu kwa wakatisha tiketi wa mabasi ya kusini mwaulize hali ya kipande cha Somanga. Mei 2024 mafuriko ya Kimbunga Hidaya yaliikata barabara hii, na magari yakakwama pande zote mbili. Juni kwa kawaida ni kukavu, lakini simu ni bei rahisi kuliko kugeuza gari.

Sasa bahari. Tazameni kalenda ya Kiislamu, inatosha. Mwezi ukiandama (tarehe 1 hadi 3) na ukiwa mpevu (14 hadi 17) ni bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana. Siku hizo kwenye pwani yetu maji hukauka karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo tarehe 7 au 8 mambo yamegeuka, maji yanajaa asubuhi saa nne, lakini ni maji mafu, hayapandi wala kushuka sana. Siku za bamvua watoto waogelee alasiri. Ukiwapeleka asubuhi watakuta matope, majani na wale wanyama wadogo wa baharini wenye miiba mieusi, kwa hiyo viatu vya kuingilia majini ni lazima.

Kisiwani wazee wanaweza. Kibali kinatolewa Masoko kabla ya kuvuka, wasimamizi ni TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania). Bebeni vitambulisho vya NIDA mlipe kiwango cha raia. Vukeni mapema, saa moja hadi saa mbili, maana Juni ni kusi (msimu wa upepo wa kusini) na mchana upepo hupanda, boti inarusha maji na wazee wanaloa. Kodini boti ya injini, kila mtu avae jaketi okozi kabla nahodha hajang'oa nanga. La mtoto wa miaka 4 tafuteni Dar, ya ukubwa huo kule ni nadra.

Mkishuka mnaanza na Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza 1505 na Waomani wakaijenga upya. Msikiti Mkuu uko karibu, wazee watafika bila shida. Simameni ndani mtazame nguzo na kuba, kisha mkumbuke kwamba Ibn Battuta alifika mji huu 1331 akausifu. Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani, iko mbali, zaidi ya kilomita moja juani. Vijana waende na mwongozaji, wazee wabaki kivulini. Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, iacheni safari hii: maji yakikupwa unatembea kwenye matope ya mikoko, si njia ya mtu wa miaka 74.

Muuguzi_wa_Kusini:
Kuhusu mzee. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye kasha la baridi, lakini isiguse barafu. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka usimchome. Ifungeni kwenye taulo. Iliyoanza kutumika inavumilia nje ya friji kama wiki nne ikiwa haizidi nyuzi 30, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto linapita hapo haraka, kwa hiyo ishuke na mzee kila mnaposimama. Akishachoma, chakula kisingoje "tutakula Somanga", ale palepale. Juisi yenye sukari iwe mkononi mwake, si kwenye buti. Akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, anywe kwanza, maswali baadaye.

Asitembee pekupeku ufukweni. Mwenye sukari ya muda mrefu huenda hahisi mchanga wa moto wala kipande cha jiwe, na kidonda kinaanzia hapo. Kila saa mbili ashuke anyooshe miguu. Hospitali za kujua: Kinyonga kwa Kilwa, Sokoine kwa Lindi, Ligula kwa Mtwara. Kadi za bima na orodha ya dawa zake vikae na mtu mmoja.

Mwana_Mbagala:
Ahsanteni sana. Tumekubaliana Hiace, na Kilwa siku mbili. Je, Msimbati inafikika kwa Hiace? Na samaki wa kurudi nao tununue wapi?

Mikindani_Kwetu:
Msimbati ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, kuna malipo ya kuingia. Hiace inafika kijijini, lakini mchanga wa ufukweni usiuingie: gari la magurudumu mawili ya kuvuta linazama, na maji yakianza kujaa hamna muda wa kuchimba. Egesheni kwenye udongo mgumu, mtembee. Nyangumi huanza kuonekana kuanzia Julai, mwishoni mwa Juni msiwaahidi watoto. Mkitoka Lindi muwe makini kwenye njia panda ya Mnazi Mmoja, msiingie ya Masasi. Mikindani iko kama kilomita 10 kabla ya Mtwara. Laleni hapo, pametulia, na boma la Wajerumani la 1895 liko juu kidogo ya mji.

Samaki nunueni Somanga mkirudi, asubuhi, si Mtwara, ili wakae njiani nusu siku tu. Toeni utumbo na matamvua palepale. Barafu kilo moja kwa kilo moja ya samaki, tabaka kwa tabaka, na ya juu iwe barafu. Kila mnaposimama mwageni maji yaliyoyeyuka, samaki akilala majini nyama inalegea. Kasha lifungwe ndani ya turubai. Yale maji yakivuja hupenya chini ya zulia na kula bati la gari la watu, na harufu haitoki.