Naomba ushauri: kiongozi wa msafara akikosea kwenye theluji, mimi mgeni nina wajibu gani?

Mzaliwa_wa_Moshi aliandika:

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa muda mrefu, lakini leo nina jambo linaloninyima usingizi. Ninaishi Edmonton, Kanada, huu ukiwa mwaka wa sita, na theluji niliyokua nikiijua ni ile ya Kibo, ya kutazamwa kwa mbali asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Kazini kwangu kuna wenzangu sita ambao kila majira ya baridi huvuka kwenda jimbo la British Columbia kuendesha pikipiki za theluji, ambazo wenyewe huziita sledi, nje kabisa ya njia zilizoandaliwa. Mwezi uliopita walinikaribisha, wakaniazima sledi na vifaa, tukaenda milima ya karibu na Valemount.

Asubuhi, kabla hatujaondoka hotelini, mmoja wao alifungua kwenye simu utabiri wa Avalanche Canada, taasisi inayotoa tahadhari za maporomoko ya theluji, akasema kiwango cha hatari siku hiyo ni 3 kati ya 5. Kiongozi wetu, mtu mzima wa heshima aliyeendesha huko kwa zaidi ya miaka 20, alijibu kwamba 3 ni katikati tu, na simu ikarudi mfukoni. Mchana tulifika chini ya mteremko mkali usio na mti hata mmoja. Tuliegesha sledi sambamba, pua zikiutazama mlima, kama bodaboda kijiweni, tukawa tunamtazama mwenzetu mmoja akipanda. Alipokwama karibu na juu, mwingine aliwasha mashine akapanda kwenda kumnasua. Mimi nilikuwa nimeshuka kunyoosha miguu, na nilipopiga hatua chache theluji ikatoa mlio mzito chini yangu, kama gunia la mahindi lililobwagwa kwenye sakafu ya mbao, nikahisi ardhi yote imeshuka kidogo. Niliwauliza ni nini. Walicheka, wakasema mlima unanisalimu.

Hatukupatwa na lolote. Hata hivyo, jioni nilipokuwa nikirudisha vifaa niligundua kwamba bikoni niliyoazimwa, kile kifaa cha redio kinachowawezesha wenzako kukutafuta ukifukiwa, ilikuwa kwenye begi lililofungwa nyuma ya sledi, na haikuwashwa siku nzima. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikuuliza.

Wamenialika tena Jumamosi ijayo. Mke wangu hataki kabisa kusikia habari hiyo. Swali langu ni hili: endapo lingetokea la kutokea, lawama ingekuwa ya kiongozi au yangu? Na je, mtu aliyenizidi umri na uzoefu nitamwambiaje kwamba alikosea, bila kumvunjia heshima?

Beleshi alijibu:

Ndugu yangu, nimeendesha milima ya Revelstoke kwa majira 11, kwa hiyo nianze na ule mlio, kwa sababu hiyo haikuwa salamu. Usiku wa baridi wenye anga safi, sakitu, yaani chembe za barafu, huota juu ya theluji. Theluji mpya ikiifunika, inabaki chini kama tabaka la vioo vyembamba vilivyosimama wima, na juu yake upepo hujenga bamba zito lililoshikamana. Ulipokanyaga, vioo vile vilivunjika na bamba likakaa chini. Ndiyo maana ulihisi umeshuka. Mahali tambarare mambo huishia hapo. Kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, bamba halina pa kukaa, huondoka. Tena mvunjiko ule huweza kusafiri, hivi kwamba mtu aliyesimama chini kabisa anaweza kuuangusha mteremko ulio juu yake. Siku mkisikia mlio huo, miteremko mikali yote inafutwa kwenye ratiba, bila mjadala.

Halafu kile kiwango cha 3. Watu wengi hukisoma kama alama ya mtihani, wakadhani ni wastani. Maana yake ni kwamba binadamu mmoja, sembuse mashine yenye zaidi ya kilo 200, anaweza kabisa kuliangusha poromoko. Na katika ajali nyingi zinazoua, aliyeliangusha ni mhanga mwenyewe au mtu wa kundi lake.

Lililonitisha zaidi katika simulizi yako, hata hivyo, ni yule wa pili aliyepanda. Mmoja akikwama, anajinasua mwenyewe au anasubiri. Mteremko hubeba mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wengine wote hukaa pembeni, mbali na mahali theluji ingemwagikia, sledi zikitazama njia ya kutokea. Ninyi mliegesha palepale ambapo ingemwagikia. Tarehe 28 Desemba 2008, karibu na Fernie, waendeshaji 11 wa mji mdogo wa Sparwood walikuwa mlimani. Kundi moja lilifukiwa, wenzao wakakimbilia kuwachimbua, na poromoko jingine likawakuta palepale. Watu 8 walikufa.

Pwani_Tulivu alijibu:

Mimi naona tunamtia mwenzetu hofu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huyo kiongozi amekilalia kitanda hicho miaka 20 akiwarudisha watu wake nyumbani. Mtu aliyeona theluji ukubwani atamfundisha nini? Msafara ni kama chombo baharini. Manahodha wawili hukizamisha. Ushauri wangu ni mfupi: ukienda, mfuate nahodha, usipomwamini, baki nyumbani na mkeo.

Beleshi alijibu:

Pwani_Tulivu, mfano wako wa chombo ni mzuri, lakini bahari humwadhibu nahodha mzembe mapema, naye akajifunza. Theluji haina tabia hiyo. Unaweza kupanda mteremko mbovu mara hamsini ukashuka salama, na kila mara ukadhani umeujua mlima, kumbe ni bahati tu sledi yako haikupita pale bamba lilipokuwa jembamba. Miaka 20 bila ajali inaweza kuwa miaka 20 ya ujuzi. Inaweza pia kuwa kosa moja lililorudiwa miaka 20 bila mtu kukosolewa.

Tarehe 13 Machi 2010, kwenye mlima Boulder, hapa hapa Revelstoke, watu wapatao 200 walikusanyika kutazama wenzao wakishindana kupanda mteremko. Tahadhari ya maporomoko ilikwisha kutolewa. Watu 2 walikufa na wapatao 30 walijeruhiwa. Wengi waliokuwa pale walikuwa wenyeji wa kazi hiyo, si wageni kama huyu ndugu yetu, na nadhani kila mmoja alijisemea kwamba kama pangekuwa na hatari, mwingine angekwisha kusema.

Muuguzi_Kamloops alijibu:

Kaka, naomba nilijibu swali lako la wajibu, kwa kuwa naona umeliuliza kama suala la mahakamani, la nani atalaumiwa. Mlimani wajibu hauhesabiwi hivyo. Kinachowaua wengi wa wanaofukiwa ni kukosa hewa, si baridi. Akitolewa ndani ya dakika 10 za kwanza, nafasi yake ya kuishi ni kubwa. Baada ya hapo hushuka kwa kasi ya kutisha. Helikopta ya waokoaji haiwezi kufika ndani ya dakika hizo, na waokoaji wenyewe huku British Columbia ni watu wa kujitolea wanaoitwa wakiwa kazini au mezani na watoto wao. Kwa hiyo mwokozi wako ni yule mliyepanda naye, na mwokozi wake ni wewe.

Ukilitazama hivyo, bikoni yako iliyozimwa haikukuhatarisha wewe peke yako. Wenzako wangelazimika kukutafuta kwa kuchoma theluji kwa fito, futi kwa futi, wakiwa wamesimama chini ya mteremko ambao pengine haujamaliza kushuka. Je, wewe ungeweza kumtafuta mmoja wao? Sikuulizi kwa kukusuta. Wapo wenye vifaa vya bei kubwa ambao hawajawahi kufanya zoezi hata moja. Na beleshi na ufito vinakaa mgongoni mwako, si kwenye sledi, kwa sababu poromoko hukutenganisha na sledi kwanza.

Kuhusu heshima, wahenga wamekurahisishia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugeni wako ndio ruhusa yako. Mpigie simu mzee huyo, usimwambie alikosea. Mwambie, "Mzee wangu, mimi sijui kumtafuta mtu, na nikijiwazia wewe umefukiwa na mimi ndiye niliyebaki juu, naona aibu. Nifundishe kabla hatujaenda." Kisha sikiliza jibu lake. Akikudhihaki, umepata jibu la Jumamosi.

Mzaliwa_wa_Moshi aliandika:

Nawashukuru nyote, na wewe Pwani_Tulivu pia, kwa kuwa ulisema yale niliyokuwa nikijiambia mwenyewe siku ile nilipokaa kimya.

Nilimpigia jana usiku, nikatumia maneno ya dada Muuguzi karibu kama yalivyo. Alinyamaza kwa muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia kwamba hajafanya zoezi la kutafuta kwa majira matatu, na kwamba betri za bikoni yake hakumbuki alizibadilisha lini. Tumekubaliana kukutana Alhamisi baada ya kazi, kwenye eneo wazi nyuma ya karakana, tufukie bikoni ndani ya mfuko na kila mmoja aitafute huku akipimwa muda. Nilimwomba pia kwamba asubuhi ya safari utabiri usomwe kwa sauti, wote tukisikia, na kwamba neno la mtu mmoja la kukataa mteremko litoshe. Hilo la mwisho hakulijibu. Wenzetu wawili tayari wamelalamika kwamba nawaharibia starehe.

Mimi nimejiandikisha kwenye mafunzo ya awali ya siku mbili, ya waendeshaji wa sledi, lakini yanaanza wiki moja baada ya safari. Kwa hiyo Jumamosi hii sitapanda. Nimemwambia hivyo, na hakukasirika. Mke wangu amefurahi kuhusu Jumamosi, si kuhusu mafunzo.

Nina swali dogo la mwisho kabla ya Alhamisi: bikoni huvaliwa juu ya koti au ndani yake?

Beleshi alijibu:

Ndani, mikanda yote ikiwa imefungwa, ili theluji isikupokonye pamoja na koti. Simu iwe umbali wa sentimita 20 au zaidi kutoka kwenye bikoni inapotuma, na sentimita 50 unapotafuta. Glovu zako za umeme zizime kabla ya kuanza kutafuta, kwa maana nazo huichanganya.