Iwapo Latvia ingevamiwa: nani angekuja, na sisi tungefanya nini kabla hajafika

Kutoka Riga, mwanafunzi

Ndugu zangu mlio Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania) na Polandi, wakubwa shikamooni.

Nimemaliza mwaka wa kwanza wa masomo hapa Riga. Tangu mama aliposikia habari za droni za Urusi zilizoingia katika anga ya Polandi mwezi Septemba 2025, hunipigia simu karibu kila jioni, na swali lake ni moja: vita vya Urusi na Ukraine vikivuka mpaka, nani atawatetea? Nimekuwa nikimjibu kwamba tuko ndani ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, lakini sijui neno hilo lina uzito gani kwa mtu mwenye kibali cha mwanafunzi na begi moja. Naomba mnaojua mnieleze bila kunificha, ili nami nimjibu mama ukweli.

Kutoka Riga, mkaazi wa miaka mingi

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na mkataba wenyewe, kwa sababu wengi wetu huutaja bila kuusoma. Ibara ya 5 ya Mkataba wa Washington wa mwaka 1949, ulioanzisha NATO, inasema kwamba shambulio la silaha dhidi ya mwanachama mmoja litahesabiwa kuwa shambulio dhidi ya wote, kisha inaongeza maneno ambayo watu huyaruka: kila mwanachama atachukua hatua anayoiona kuwa ya lazima, ikiwemo kutumia nguvu za silaha. Kwa hiyo kusaidia ni wajibu, ila aina na ukubwa wa msaada huamuliwa katika kila mji mkuu, na wanachama sasa ni 32. Ibara hiyo imetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani. Mashauriano ya Ibara ya 4, ya mwanachama anayehisi kutishiwa, ambayo Polandi na Estonia ziliyaomba mwezi huo wa droni, ni kikao cha mabalozi na hayamtumi askari yeyote popote. Umoja wa Ulaya nao una kifungu chake cha kusaidiana, lakini hauna makamanda wala mipango ya vita kama ya NATO.

Ni kwa sababu ya mwanya huo, kati ya ahadi na kuwasili, kwamba majeshi ya washirika yamewekwa hapa tangu 2017. Kanada inaongoza kikosi cha Latvia kilichoko Ādaži, nje kidogo ya Riga. Uingereza inaongoza Estonia. Ujerumani inaongoza Lithuania, ambako inajenga brigedi ya kudumu inayokusudiwa kuwa na watu wapatao 5,000 ifikapo mwaka 2027. Askari hao peke yao hawatoshi kuzuia jeshi kubwa la vifaru na mizinga. Kazi yao ni kulichelewesha, na kuhakikisha kwamba avukaye mpaka anapambana siku ileile na Mkanada, Mhispania na Mwitaliano bega kwa bega na Mlatvia, hivi kwamba serikali za kwao haziwezi tena kujiuliza kama jambo hili linawahusu.

Jeshi kubwa lingefuata, na hapo ndipo jiografia inapokuwa ngumu. Kwa nchi kavu, Baltiki imeunganishwa na washirika wengine kwa ukanda mmoja tu, ule wa Suwałki kati ya Polandi na Lithuania, wenye upana wa kilomita 65 hivi ukipima kwa mstari mnyoofu, huku Kaliningrad, kipande cha Urusi kilichotengana nayo, ikiwa upande mmoja na Belarusi upande mwingine. Reli zetu zina upana wa milimita 1,520, na za Polandi milimita 1,435, kwa hiyo treni iliyobeba vifaru haiwezi kuja moja kwa moja mpaka Riga. Kujiunga kwa Ufini mwaka 2023 na Uswidi mwaka 2024 kumepunguza tatizo hilo sana, kwa kuwa karibu pwani yote ya Bahari ya Baltiki sasa ni ya wanachama.

Naamini wangekuja, na sisemi hivyo ili kumfariji mama yako. Polandi na nchi za Kaskazini zingekuja mapema kwa sababu Riga ikianguka zamu inayofuata ni yao. Kuhusu Marekani, yenye ndege nyingi zaidi za uchukuzi na macho mengi zaidi angani, sitabashiri. Uamuzi ungekuwa wa rais na Bunge lao wakati huo. Siku za mwanzo, hata hivyo, zingekuwa zetu wenyewe. Serikali ya Latvia inamtaka kila mkaazi awe na maji, chakula, dawa na redio ya betri vya kumtosha saa 72, na sisi wageni tunahitaji akiba hiyo kuliko wenyeji, maana hatuna shangazi kijijini wa kutupokea. Utumishi wa kijeshi uliorejeshwa mwaka 2023 unawahusu raia, kwa hiyo mama asiogope kwamba utaandikishwa.

Kutoka Polandi

Naongezea, maana mwezi Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, nilikuwa Kharkiv nchini humo, mwaka wa nne wa udaktari.

Tarehe 24 anga ilifungwa asubuhi ileile, na kila aliyekuwa na tiketi ya ndege alibaki na karatasi. Nilisafiri magharibi kwa treni, nikisimama njia nzima, na kwenye kivuko kimoja tulitengwa katika foleni yetu ya weusi na Wahindi, tukasubiri kwenye baridi wengine wakipita. Sijasahau. Umoja wa Afrika ulitoa tamko la kulaani ubaguzi huo tarehe 28.

Kwenu hali ingekuwa tofauti kwa jambo moja kubwa: Latvia imo ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, na kibali chako cha ukaazi kinakuruhusu kukaa nchi nyingine za Schengen siku 90 katika kila siku 180. Kinachofuata baada ya siku hizo 90 ndicho cha kukitafakari. Ulinzi wa muda ambao Umoja wa Ulaya uliwapa waliokimbia Ukraine haukutuhakikishia nafasi sisi tuliokuwa na vibali vya muda vya masomo; kila nchi iliamua yake. Mimi niliokolewa na nakala za matokeo yangu ya mitihani nilizokuwa nimejitumia kwa barua pepe, kwani bila hizo nisingepokelewa katika chuo kingine.

Kutoka Vilnius

Wadogo zangu, jambo moja halijasemwa. Barabara ya Via Baltica, ambayo sote tungeikimbilia kuelekea Polandi, ndiyo ileile ambayo malori ya washirika yangepandia kuja kaskazini, na jeshi hupewa njia kwanza. Anayetaka kuondoka na aondoke wakati wa tahadhari, kabla ya risasi ya kwanza. Aliye Tallinn atazame bahari: Helsinki ni kama saa mbili kwa feri. Aliyechelewa abaki alipo, karibu na handaki, asubiri maelekezo, wala asijaribu vichochoro vya msituni karibu na mpaka, kwa kuwa nchi zetu tatu zilijitoa mwaka 2025 katika mkataba unaokataza mabomu ya ardhini.

Kutoka Riga, mwanafunzi

Asanteni sana, wakubwa zangu. Kwa kuwa Tanzania haina ubalozi hapa, leo nimeuandikia ule wa Stockholm kuwapa anwani yangu na ya wenzangu wawili, na nakala za pasi, kibali na matokeo yangu nimemtumia mama azihifadhi. Nimemweleza pia habari za Ādaži. Ameniuliza kama hao Wakanada wanaizoea baridi, nikamwambia kwamba kwao ni kali kuliko hapa.