Tupeane uzoefu: Unamuuguza mume au mke aliyepata kiharusi, mwili wako mwenyewe unautunzaje?

Mtoa uzi
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanaouguza wenza wao nyumbani baada ya kiharusi. Mgonjwa akiruhusiwa wodini anapewa dawa na tarehe ya kliniki. Yule atakayemnyanyua, kumgeuza, kumwogesha na kukesha naye mara nyingi haambiwi lolote kuhusu mgongo wake, presha yake wala usingizi wake. Naomba tuchangie mambo yanayotendeka: hatua, vipimo, na makosa yanayoumiza watu. Ugomvi na mawifi na mashemeji tuuache kwa leo.

Fizio wa Kanda ya Ziwa
Nianze na mgongo, kwa sababu ndio unaoharibika mapema, na ukiharibika nyumba nzima inasimama.

Kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti. Kiti kikae upande wake wenye nguvu, kwa mshazari, kiguse kitanda. Kama ni cha magurudumu, funga breki zote mbili na uondoe vibao vya kukanyagia. Mgeuze alale ubavu, teremsha miguu yake kwanza, ndipo uinue kiwiliwili. Miguu ikishuka inakusaidia kumwinua. Mwache akae ukingoni dakika moja au mbili, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni. Hapo ndipo wengi wanapoharakisha, presha yake inashuka ghafla, analegea mikononi mwao.

Sasa simama mbele yake, mguu mmoja umetangulia, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Goti lake lililolegea libane kwa magoti yako ili lisikunjike. Mfunge kanga iliyokunjwa kwa upana kiunoni, fundo imara, ushike hapo kwa nyuma. Usimnyanyue kwa makwapa na usivute mkono uliopooza, bega lile hutoka mahali pake kirahisi. Asikuning'inie shingoni. Mwambie ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, hesabuni moja, mbili, tatu, msimame pamoja. Kugeuka ni kwa hatua ndogo za miguu. Ukizungusha kiuno huku nyayo zimeganda, umejiumiza.

Akianza kuanguka usimdake. Mvute karibu yako, ateleze kwenye paja lako taratibu mpaka chini, kisha uite msaada. Mgonjwa ambaye miguu yote miwili haibebi uzito ni kazi ya watu wawili, hata kama ni mwembamba.

Dada wa Tanga
Ahsante mkuu. Vitanda vyetu vingi viko chini sana. Kuinua miguu ya kitanda kwa matofali inafaa?

Fizio wa Kanda ya Ziwa
Inafaa kwa mgonjwa asiyejaribu kushuka mwenyewe. Godoro lifike usawa wa nyonga zako unapomsafisha, na kila mguu wa kitanda ukae kwenye shimo la tofali au kipande cha gogo kilichochongwa kishimo, usiteleze. Lakini mgonjwa aliyeanza kupata nguvu usiku hujaribu kushuka, na akianguka kutoka juu ni hatari zaidi. Huyo kitanda chake kiache chini, wewe piga goti moja juu ya godoro au kaa kwenye kigoda unapomhudumia. Usiiname ukiwa umesimama.

Kumsogeza juu kitandani tumia shuka lililokunjwa mara mbili chini yake, kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili, mmoja kila upande, mnavuta kwa pamoja. Kumburuta bila shuka kunachubua ngozi yake na kukuumiza wewe.

Mfamasia wa mtaani
Naongezea la dawa, maana hili tunaliona dukani kila wiki. Mgongo ukiuma mtu ananunua diklofenaki, anameza kutwa mara mbili mwezi mzima. Kama naye ana presha, dawa hiyo inaipandisha, na inaweza kuumiza figo na tumbo. Anza na paracetamol: vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Maumivu yakishuka mpaka mguuni, au mguu ukifa ganzi, nenda hospitali. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, nenda siku hiyo hiyo.

La pili: dawa zako na zake zisikae kopo moja. Wote wawili mnaweza kuwa na amlodipine, dawa ya presha, yeye ya miligramu 10, wewe ya 5. Saa 9 usiku, taa hafifu, utachanganya. Makopo ya rangi tofauti, rafu tofauti.

La tatu, presha yako. Mashine inayompima yeye ikupime na wewe. Kaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi si juu ya nguo. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Wastani wa siku kadhaa ukiwa 135/85 au zaidi, peleka daftari kliniki. Ikifika 180/120 na kichwa kinauma vibaya, kifua kinabana au upande mmoja unakosa nguvu, usisubiri kesho.

Nesi wa wodi ya wanaume
Mwenye kisukari anayeuguza ana hatari yake. Anachoma insulini, kabla hajala mgonjwa anachafua kitanda, anaanza kufua. Baada ya nusu saa anatetemeka, jasho jembamba, macho giza. Sahani iwe mezani kabla ya sindano. Ikitokea, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, subiri dakika 15, rudia kama bado, kisha ule chakula kamili. Na kuleni pamoja na mgonjwa. Kuishi kwa makombo ya uji wake si mlo.

Usingizi. Mgonjwa asiyejigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, na mtu mmoja hawezi hilo usiku kucha kila siku. Gaweni: mmoja saa 3 usiku hadi saa 8, mwingine saa 8 hadi alfajiri, ili kila mtu apate angalau saa nne mfululizo. Kama uko peke yako, muulize nesi wa kliniki kama usiku muda unaweza kurefushwa. Itategemea godoro na ngozi yake. Kwa ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Gusa visigino, nyonga na juu ya makalio, tafuta palipo peusi zaidi, pa moto au pagumu. Chupa ya mkojo ikae karibu na mkono wake wenye nguvu, usiamshwe kwa hilo.

Glavu ni za kinyesi, mkojo na vidonda, na ukivua bado unanawa kwa sabuni. Shuka lenye damu au kinyesi: ondoa uchafu kwanza, loweka dakika 10 kwenye Jik (dawa ya klorini) ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Usichanganye Jik na dawa ya kusafishia choo, hewa yake inaumiza mapafu. Mgonjwa akikohoa wiki mbili, apimwe TB; akikutwa nayo, nyumba nzima mkapimwe.

Dada wa Tanga
Na moyo je? Huyu ni mume wako, na sasa hata kuzungumza hawezi.

Nesi wa wodi ya wanaume
Dada yangu, hilo ni zito kuliko kunyanyua. Umempoteza mwenza wa mazungumzo na bado yuko, na una haki ya kulia. Angalia hizi: wiki mbili hujisikii kufanya chochote, hulali hata ukipata nafasi, au unawaza bora usiwepo. Hiyo ni sonona, inatibika, iseme kliniki kama ungesema homa. Wazo la kujidhuru likija, mwambie mtu aliye karibu sasa hivi na nendeni hospitali. Ukihisi unataka kumpiga, mlaze salama kwa ubavu, toka nje dakika kumi.

Ndugu ukiwaambia "nisaidieni" watakuja kusalimia na kuondoka. Taja kazi na saa: "Shemeji, Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana kaa naye. Saa 5 mgeuze upande wa kulia, mpe maji yaliyofanywa mazito ili asipaliwe, akiwa amekaa wima." Muda huo wewe nenda kliniki yako mwenyewe, au ulale.