Hita inapuliza hewa baridi: nibadilishe rejeta yake ndogo?

Kiti cha Nyuma
Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kabla sijagusa dashibodi. Gari ni ya 1998, petroli, silinda nne. Hita inapuliza hewa baridi. Feni inazunguka spidi zote, geji ya joto iko katikati kama siku zote. Nimeshika hozi mbili za maji, zote za moto. Ajabu ni kwamba nikikanyaga mafuta linakuja vuguvugu, nikisimama kwenye taa linakata. Swali ni moja tu: nibadilishe rejeta ndogo ya hita, ile inayopitisha maji ya moto ya injini ili kupasha hewa? Na ni lazima kushusha dashibodi nzima?

Bisibisi Nyota
Gari nyingi za miaka hiyo, boksi la hita liko nyuma ya redio, huifikii rejeta yake bila kushusha dashibodi. Kama boksi hilo linabeba na kipoza cha AC, mabomba yake yatafunguliwa pia, kwa hiyo gesi itolewe kwanza kwa mashine, usiifyatue hewani. Kama kuna eabegi, toa waya wa hasi wa betri na usubiri angalau dakika kumi kabla ya kugusa usukani. Piga picha kila plagi ya waya kabla ya kuichomoa. Skrubu zitenganishe kwa vikopo, maana ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa kitu. Na badilisha oringi (pete za mpira) za mabomba ya hita, usirudishe za zamani.

Koti Zito
Pakia abiria wanne, pandisha vioo. Hita ya asili hiyo, haina hozi wala oringi.

Volti Kumi na Mbili
Mnahangaika na maji bure. Nunua kihita cha umeme, chomeka kwenye kiberiti cha gari, maisha yaendelee.

Fundi Maji Moto
@Volti, fyuzi ya kiberiti kwa kawaida ni ampia 15. Zidisha kwa volti 12 upate wati 180. Hita ya maji inatoa kilowati kadhaa. Hicho kidude hakitafuta hata ukungu wa kioo kimoja, na ukipandisha fyuzi unaunguza waya.

Mleta uzi, joto linalokuja ukikanyaga mafuta na kukata ukisimama ni dalili ya maji pungufu, hewa iliyonasa kwenye mfumo, au pampu ya maji iliyochoka. Rejeta ya hita mara nyingi iko juu, hewa hukimbilia huko, na injini ikizunguka polepole pampu haina nguvu ya kuisukuma. Je, maji yanapungua?

Kiti cha Nyuma
Yanapungua kidogo mkuu, kawaida ya gari la umri huu, na zulia la ndani ni kavu. Mimi nauliza kuhusu rejeta ya hita.

Fundi Maji Moto
Mfumo wa maji umefungwa. Hakuna "kidogo ya kawaida". Ni kiasi gani, na unaongeza nini?

Kiti cha Nyuma
Kama lita moja kwa wiki, wakati mwingine zaidi. Naongeza maji ya bomba. Kuna wakati rejeta kubwa ilivuja, fundi akamwaga unga wa kuziba matundu na ikakauka kabisa, kwa hiyo hilo limeisha. Rejeta ya hita nimeshainunua, ipo kwenye boksi. Jumamosi naanza, siwezi kurudi nyuma sasa.

Dada Gasketi
Unga wa kuziba hauna macho kaka. Hauchagui tundu. Unakwenda palipo pembamba, na njia za rejeta ya hita ndizo nyembamba kuliko zote. Halafu maji ya bomba: chumvi zake zinaganda ndani ya mfumo, na bila dawa ya kuzuia kutu kile kimiminika cha kahawia ndicho kinachokula pampu na aluminiamu. Kulanti, ndiyo dawa hiyo, na maji yaliyotoneshwa nusu kwa nusu hukinga yasigande hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri, tena hupandisha kiwango cha kuchemka. Watu mnabadilisha redio kila mwaka ila kulanti mnaona anasa.

Hakimu wa Gereji
Samahani wakuu, hii ni chai. Anasema hozi zote mbili ni za moto. Kama za hita zote ni za moto, maji yanapita vizuri na kosa ni kile kilango kinachochanganya hewa, au waya wake uliochomoka. Kilango hakijui injini inazunguka kiasi gani! Sasa vuguvugu la kukanyaga mafuta linatoka wapi? Na lita moja kila wiki, zulia kavu, geji haisogei? Mtu kaokoteza dalili za magari matatu akaunga uzi.

Bisibisi Nyota
Nami nilianza kunusa majani ya chai. Hata gari lenyewe hajalitaja jina.

Kiti cha Nyuma
Chai ya nini wakuu, mtu atunge stori ya hita apate nini? Hozi nimeshika kwa mkono wangu, zile nene za mbele, ya juu na ya chini.

Dada Gasketi
Hizo ni za rejeta kubwa! Za hita ni nyembamba, upana wa ndani kama milimita 16, zinaingia kwenye ukuta kati ya injini na miguu ya dereva. @Hakimu, chai yako imepoa.

Fundi Maji Moto
Na geji isikutie moyo. Sensa ikikaa kwenye mfuko wa hewa haisomi joto la maji, sindano inaweza kutulia katikati huku injini inaungua.

Rudia hivi. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza hadi juu, funga. Washa, weka hita kwenye moto wa mwisho, subiri injini ipate joto, kisha shika zile nyembamba. Moja ya moto na nyingine ya baridi: imeziba. Zote baridi: hewa, pampu, au vali ya hita haifunguki. Lakini kesho asubuhi kabla ya yote, washa ikiwa baridi na ubonyeze hozi nene ya juu baada ya dakika moja tu.

Kiti cha Nyuma
Nimefanya. Nyembamba moja ni ya moto, nyingine baridi. Nikadhani nimeshinda, rejeta ya hita imeziba kama nilivyosema. Ila asubuhi hozi ya juu ilikuwa ngumu kama jiwe na injini bado baridi. Ukutani nyuma ya redio kuna mlio wa maji yanayobubujika.

Fundi Maji Moto
Ndani ya dakika moja maji hayajapata joto la kutanuka. Hiyo ni presha ya silinda inaingia kwenye maji. Hapo nashuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku yake. Hakikisha kwa kile kipimo cha kimiminika cha buluu kinachokaa mdomoni mwa rejeta: kwa petroli kikigeuka njano, kuna gesi ya moshi ndani. Kisha toa plagi za cheche. Iliyo safi kupita wenzake, kama imeoshwa, ndiyo silinda inayokunywa ile lita yako.

Kiti cha Nyuma
Lakini rejeta nimeshalipia. Si niifunge tu Jumamosi, hedi ije baadaye?

Dada Gasketi
Ukiifunga leo, gesi itaijaza hewa upya na unga uliobaki kwenye bloku utaiziba. Hedi kwanza, ipimwe kama imepinda kabla ya gasketi mpya. Mfumo usafishwe hadi maji yatoke meupe. Rejeta ya hita ya zamani ijaribu kwanza: chomoa hozi zake mbili, ingiza maji kwa presha ndogo kupitia njia ya kutokea. Usitumie hewa ya kompresa, utaipasua ndani ya gari. Ikifunguka, huhitaji kugusa dashibodi.

Koti Zito
Boksi usilichane. Muuzaji hapokei lililochanwa.